Matairi ya Kubadilisha kwa Magari ya Aina ya RAV4: Mvua Yetu, Mawe Yetu, na Alama ya Theluji

Mvua za Machi zinapoanza, na tena zile za Septemba zinaporudi, barabara ya kutoka Musanze kuja Gisenyi hubadilika tabia. Dereva anayepita Mukamira na Bigogwe huwa bado yuko juu, penye ukungu na ubaridi. Kisha huteremka Kanama, akapita Mahoko, akaiacha Pfunda na mashamba yake ya chai, hata akafika mjini kando ya Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Katika mteremko huo wote, kinacholiunganisha gari na lami ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikilingana takriban na kiganja kilichokunjuliwa. Breki hata ziwe nzuri namna gani, haziwezi kufanya kazi iliyo zaidi ya ile ambayo vipande hivyo vinne vinaiweza.

Tumeona vyema kuwaandikia wakazi wa Mbugangari na mitaa ya jirani juu ya jambo hili kwa sababu magari madogo yaliyoinuka, kama RAV4 na ya namna yake, sasa ni ya kawaida katika mitaa yetu. Ni magari ya familia na ya biashara kwa wakati mmoja: asubuhi hupeleka watoto shuleni, mchana hubeba magunia, Jumapili huenda kanisani yakiwa na watu watano na mizigo juu yake. Wenye magari hayo, matairi yanapoisha, hukutana na maneno mengi sokoni, na mengi ya maneno hayo si ya kweli.

Tuanze na neno linalouzwa sana siku hizi: tairi la misimu yote. Swali la kwanza ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza ni misimu ya nani. Ulaya na Amerika ya Kaskazini, misimu hiyo humaanisha kiangazi cha joto na kipupwe cha theluji. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, ndipo wenzetu wa huko wakaunda tairi la theluji, lenye mpira laini na kashata zilizochanwachanwa kwa mikato midogo ili liing'ang'anie barafu. Tairi la misimu yote limekaa katikati ya hayo mawili. Ndugu zetu wanaoishi Quebec, nchini Kanada, hulazimishwa na sheria kufunga matairi ya theluji tangu tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na hakuna anayewalaumu kwa kutusifia matairi hayo kwenye simu. Kwao yanaokoa maisha.

Kwetu hali ni nyingine. Nyuzi hizo 7 ni nadra kuzikuta barabarani hata Bigogwe alfajiri, na mjini Gisenyi mchana joto huzidi 20. Tairi la theluji likitembea juu ya lami yenye joto hilo hulegea, huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, huyumba kwenye kona, na huliwa upesi. Mwenye gari huona kashata nene na ulaini wa mpira, akadhani amepata tairi imara. Baada ya miezi michache anashangaa limekwisha.

Utalitambuaje? Tazama ubavu wa tairi. Tairi la theluji lililopimwa huwa na mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji mfano wa nyota. Hapa ndipo wengi wanapopotoka, nasi hatuwashangai: mtu aliyekulia chini ya Karisimbi na kuyaona meno ya Sabyinyo akikuta mlima umechorwa kwenye tairi, atasadiki bila kusita kwamba limetengenezwa kwa nchi za milima. Sivyo. Mchoro ule hausemi neno lolote juu ya mteremko wala juu ya matope. Unasema theluji tu. Kuna pia herufi M+S, yaani matope na theluji, ambazo mtengenezaji huziweka mwenyewe bila tairi kupita jaribio lile. Ujerumani ilikuwa ikizikubali herufi hizo peke yake kwa majira ya baridi, lakini tangu Oktoba 2024 inadai mchoro wa mlima. Kwa msomaji wetu, tairi la misimu yote lenye M+S halina ubaya; lile lililoundwa kwa theluji pekee, aliache dukani.

Matairi hayo hufika kwetu kwa njia mbili. Mara nyingine huja yamefungwa kwenye gari lililotumika huko ng'ambo, penye kipupwe kikali, na mwenye gari huendelea nayo kwa kuwa yanaonekana mapya. Njia ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wa mpakani: matairi yaliyotumika, yanayotembezwa kwa bei ya chini. Ifahamike wazi kwamba Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa, inataja matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya mizigo myepesi. Anayeyavusha mpakani, hata akiwa amebeba mawili tu juu ya baiskeli, hajakosea utaratibu wa ushuru. Amebeba kitu kisichoruhusiwa kabisa. Tunajua kwamba vijana wengi hulipwa fedha kidogo kuvusha mizigo ya watu wengine bila kuambiwa hivyo. Mwenye mzigo huwa amekaa nyumbani, na anayekamatwa ni kijana.

Sababu ya marufuku hiyo haikuanzia kwenye ushuru. Tairi huzeeka hata likiwa limelala ghalani. Mpira hukauka, nyufa ndogo hujitokeza ubavuni, na nyuzi za chuma zilizo ndani huachana na mpira pasipo mtu kuona. Umri wake umeandikwa: baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kwamba tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likitimiza kumi hata kama kashata bado zipo. Tarakimu hizo zikiwa zimekwanguliwa, hakuna la kujadili na muuzaji. Vivyo hivyo tairi lililokuwa kipara likachongwa upya kwa kisu cha moto ili lionekane lina mifereji: fundi ameiongeza mifereji kwa kuupunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi.

Sasa, ununue lipi? Maandishi ya ubavuni yatakuongoza. Chukua mfano wa 225/65 R17 102H, kipimo kilichofungwa kwenye RAV4 nyingi. Upana ni milimita 225. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Rimu ni ya inchi 17. Namba 102 ni uzito, nayo humaanisha kilo 850 kwa tairi moja. Herufi H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Kuhusu mwendo hatuna wasiwasi, kwani hakuna barabara yetu inayohitaji hata nusu ya huo. Uzito ndio wa kuangaliwa. Tairi la namba 95 hubeba kilo 690 tu, na huweza kuingia kwenye rimu ileile bila kulalamika mpaka siku lilipobebeshwa viazi vya Busasamana na watu watano. Namba ziwe sawa na zile za kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, au ziwe juu yake, kamwe zisiwe chini.

Kashata nazo zifuate njia unayopita. Kwa anayeishi mjini na kusafiri Musanze au Kigali, tairi la lami lenye mifereji mipana inayozunguka lote ndilo bora, kwa sababu kazi ya mifereji ni kuyatoa maji. Maji yasipopata pa kutokea, tairi huyapanda na kuelea juu yake, na usukani huwa mwepesi ghafla mkononi. Wakati huo breki ni kama hazipo. Kwa anayepanda Mudende au Busasamana, au anayeendesha katika mitaa ya Goma iliyojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002 na 2021, jiwe la volkano ni adui mkali kuliko maji: hukata ubavu, na ubavu uliokatwa hauzibwi na fundi yeyote, hata wale mahodari wanaoitwa kwado ng'ambo ya mpaka. Huyo atafute tairi la njia mchanganyiko, lenye ubavu mnene. Lakini asichukue lile la matope lenye mabonge makubwa kwa ajili ya sura yake. Kwenye lami iliyolowa mabonge hayo hugusa ardhi kidogo tu, na gari huteleza.

Magari mengi ya aina hii huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ukifunga matairi mawili mapya na mawili yaliyochakaa, mzunguko haulingani, na kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hutaabika hadi kuharibika. Heri kubadilisha yote manne. Fedha zisipotosha, na gari lako likiwa la magurudumu mawili yenye nguvu, mapya mawili yafungwe nyuma. Mafundi wengi watakupinga, wakisema mbele ndiko kuna usukani. Ni kweli, na kwa sababu hiyohiyo mbele ikiteleza dereva huhisi na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye kona ya Pfunda, gari hugeuka kabla hajajua kuna jambo.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, navyo viko kwenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa mvua za huku kwetu, tungeshauri libadilishwe likiwa na milimita 3, na likaguliwe kabla ya Machi na kabla ya Septemba. Upepo nao upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, pamoja na tairi la akiba, ambalo husahauliwa hadi siku ya kuhitajika ndipo likakutwa limelala. Dai risiti ya EBM unaponunua: ndiyo itakayoonyesha ni duka gani lilikuuzia tairi likionekana na kasoro.

Kituo cha ukaguzi wa magari cha Musanze ndicho kilicho karibu nasi, na matairi hutazamwa huko pamoja na breki na taa. Ajali ikitokea barabarani, piga 113. Kwa dharura nyingine ni 112.