Kwa nini nimelipa bei ile kwa majani ya chai

Nilituma picha ya kikombe kidogo kwenye kundi la ukoo, na maneno hayajaisha hadi leo. Kaka ameandika kwamba kulipa yeni 5,000 kwa gramu 100 za majani ni kuchezea riziki, na mashangazi wakamuunga mkono. Basi nieleze.

Chai yenyewe inaitwa gyokuro, na hapa Uji, kusini mwa Kyoto, ndiko inakosifika zaidi, pamoja na Yame kule Fukuoka. Mmea ni uleule tunaoujua kwetu Bumbuli, Usambara. Kinacholipiwa ni kazi. Machipukizi yakianza kutoka, wakulima hujenga vichanja juu ya shamba na kulifunika kwa mikeka ya matete na mabua ya mpunga, au vitambaa vyeusi, kwa siku 20 hivi. Jani linalopigwa na jua hugeuza theanini yake kuwa katekini, na katekini ndizo zinazoleta ukakasi. Likikaa kivulini, theanini hubaki, na ladha yake nzito na tamu hubaki nayo. Likishachumwa, hupigwa mvuke haraka lisigeuke jeusi, kisha husokotwa na kukaushwa mpaka liwe kijiti chembamba chenye kung'aa. Njia hiyo ya mvuke na kusokota inahesabiwa kuwa ya Nagatani Soen wa Ujitawara, mwaka 1738. Fundi anayesokota kwa mikono husimama saa nyingi mbele ya meza yenye moto chini yake.

Kwetu mchumaji hurudi kwenye mche uleule kila baada ya wiki chache, jani likasagwa kiwandani, zuri likapelekwa mnadani, sisi tukanunua vumbi dukani na kulichemsha mpaka life. Sijawahi kusikia mtu akimwita mchumaji wa Usambara fundi. Hilo linaniuma kuliko yeni 5,000.

Hapa Uji, dukani niliketishwa. Muuzaji hakunimiminia maji ya moto; aliyahamisha kutoka chombo hadi chombo yapoe mpaka nyuzi 50 au 60, kwa sababu maji yanayochemka huamsha ukakasi wote uliozuiwa shambani. Akayamwaga juu ya majani, kidogo sana, akaacha dakika mbili bila kukitikisa kibirika. Kisha akamimina hadi tone la mwisho, maana humo ndimo nguvu ilimojikusanya. Nilichopewa hakikufika nusu ya kikombe cha kahawa ya barazani. Kilikuwa kizito ulimini, kina harufu ya mwani, na kina ladha ya mchuzi uliochujwa vizuri. Nilimeza, utamu ukabaki mdomoni hata nilipotoka nje. Majani yaleyale yalitiwa maji mara ya pili na ya tatu, ya moto zaidi kila mara, na mwishowe tukayala kwa matone ya sosi ya soya.

Nyumbani anayeandaa ni binti yangu. Amefundishwa shuleni kutengeneza chai, na haniachii kibirika. Husema mkono wangu una haraka. Mdogo wake alipotaka sukari, alinyang'anywa kijiko, wakagombana kwa Kijapani, lugha wanayoitumia kugombana siku hizi, nami nikawaamuru waanze upya kwa Kiswahili. Walianza upya. Yule mdogo hakujua kusema ukakasi, akasema chai inakwaruza, na dada yake akakubali kuwa ndivyo ilivyo.

Jumapili walimpigia bibi yao simu. Binti akamuuliza maji yake huwa nyuzi ngapi. Mama yangu akamjibu kwamba maji yakiimba yameiva, na mtoto akaandika hilo kwenye daftari la shule, chini ya namba zake za nyuzi joto. Sasa anataka Desemba tubebe pakiti moja hadi Lushoto amwandalie bibi, na nimeshamwahidi tutanunua nyingine, kwa bei ileile.