Mwanapunda Huiva Lini kwa Safari ya Mbali?

Katika kaunti ya Kakamega, swali la kama mnyama mchanga wa jamii ya farasi yuko tayari kwa safari ndefu haliulizwi juu ya farasi, ambao ni nadra mno huko, bali hupasa kuulizwa juu ya punda anayebeba maji kutoka mtoni, mahindi kutoka mashamba ya Lugari na Likuyani, au mchanga unaopelekwa penye ujenzi. Uhaba wa farasi una sababu zake. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaotokana na virusi na kuenezwa na usubi, yaani wadudu wadogo wanaouma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, huua farasi wengi wanaoambukizwa, ilhali punda kwa kawaida huupitia bila hata kuonyesha dalili; nayo malale ya mifugo, yanayoenezwa na mbung'o, humwangusha farasi kwa urahisi kuliko yanavyomwangusha punda. Ndiyo maana kazi ambayo kwingineko ilifanywa na farasi, magharibi mwa Kenya iliachiwa ng'ombe, punda na mabega ya wanadamu.

Hata hivyo, mengi yanayojulikana kuhusu umri wa kuanza kazi yametokana na farasi, hasa wale wa mbio za masafa marefu, ambazo ni mashindano ya kupima ustahimilivu wa mnyama kwa muda wa saa nyingi. Mashindano ya Tevis huko California, yaliyoanza mwaka 1955, humtaka farasi avuke milima kwa umbali wa kilomita 160 ndani ya siku moja, na farasi ambaye hajatimiza miaka sita haruhusiwi kuanza. Njiani huwapo vituo ambako madaktari wa mifugo humkagua kila farasi, wakitazama mwendo wake na kasi ya moyo wake kurudi chini baada ya kupumzika, na anayeshindwa kipimo huondolewa hata kama mpandaji wake ana hamu ya kuendelea. Watu wanaofuata mbio fupi za uwanjani, ambako katika nchi nyingi farasi hushindana akiwa na miaka miwili tu, huweza kudhani kwamba sharti la miaka sita ni uangalifu uliopita kiasi, lakini mbio hizo za dakika mbili au tatu hazifanani na kazi ya kutwa, na majeraha ya miguu ya farasi hao wachanga ni sehemu ya gharama ambayo watazamaji hawaioni.

Kiini cha jambo kimo mifupani. Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mnyama anayekua kuna tabaka la gegedu, yaani tishu laini kuliko mfupa, ambalo huitwa bamba la ukuaji kwa sababu ndipo mfupa unaporefukia, na tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa mgumu kwa zamu, kwa jumla likianzia chini karibu na kwato na kupanda juu. Kwa farasi, mabamba ya chini ya mguu hufunga kabla ya mwaka wa kwanza kwisha au baada yake kidogo; lile lililo juu ya goti la mbele hufunga mnyama akikaribia miaka miwili na nusu; yale ya paja huchukua miaka mitatu au zaidi; na ya pingili za uti wa mgongo, mahali hasa panapowekwa mzigo, hukawia hadi baada ya miaka mitano. Punda hakomai mapema kuliko farasi, bali hukawia zaidi. Kwa hiyo punda wa miaka miwili, ambaye kimo chake kinakaribia kile cha mamaye na ambaye hukubali kuvuta mkokoteni bila ubishi, humdanganya mwenyewe: miguu inaonekana imekamilika, na mgongo bado ni wa mtoto. Wafugaji wa jamii za Isukha na Idakho huko Kakamega, wanaolea mafahali wa kupigana kwa chakula cha pekee na subira ya miaka, hawamwingizi ndama uwanjani eti kwa sababu amerefuka. Punda hajajaliwa heshima ya namna hiyo, labda kwa kuwa hakuna anayemshangilia.

Kwa kuwa wanyama wengi hununuliwa sokoni bila kumbukumbu yoyote ya kuzaliwa, umri husomwa kinywani. Mdomo unapofunuliwa taratibu kwa vidole, huonekana meno sita ya mbele juu na sita chini, na yale ya utotoni hutambulika kwa udogo wake, weupe wake na jinsi yanavyobana yanapoingia ufizini, wakati meno ya ukubwani ni mapana, marefu na ya rangi inayoelekea umanjano. Jozi ya katikati hubadilishwa punda akiwa na takriban miaka miwili na nusu, jozi inayofuata kwenye miaka mitatu na nusu, na ile ya pembeni kwenye miaka minne na nusu, ingawa punda aweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Mnyama ambaye jozi ya pembeni bado ni ya utotoni hajafikia kazi ya mzigo mzito wa safari ndefu, muuzaji aseme atakavyo.

Umri peke yake hautoshi, kwa maana punda wa miaka mitano naye aweza kuvunjwa mgongo kwa hesabu mbaya. Punda wengi wa Afrika Mashariki wana uzito wa kati ya kilo 120 na 170, na mwongozo unaokubaliwa na wengi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mwili. Mitungi miwili ya lita 20, mmoja kila upande, hufikia kilo 40 na kitu, kiasi ambacho punda mzima wa kilo 150 hukimudu. Mitungi minne, ambayo ni ya kawaida kuonekana, huwa kilo 80 kabla ya kuongeza kijana anayekaa juu yake. Mkokoteni humwezesha kusogeza uzito mkubwa zaidi, mradi mzigo uwe umesawazishwa juu ya ekseli, kwa sababu ukielemea mbele mikono ya mkokoteni hukandamiza mgongo, na ukielemea nyuma humnyanyua kwa mkanda wa tumboni. Kosa jingine, ambalo katika maeneo yaliyozoea kulima kwa ng'ombe halishangazi, ni kumfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa shingo na nundu, punda husukuma kwa kifua, na nira humchubua juu ya mabega, mahali pasipo na nyama ya kutosha. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani uliofunikwa kwa kitambaa laini.

Mafunzo yenyewe yaweza kuanza mapema bila madhara. Mwanapunda wa miaka miwili hadi mitatu hufundishwa kuvaa hatamu, kuinua kwato zisafishwe na kutembea kando ya punda mkubwa akiwa mtupu, ili barabara, pikipiki za boda boda na makelele ya soko yasiwe mambo mageni kwake. Mizigo myepesi ya mwendo mfupi hufuata kwenye mwaka wa nne, na mzigo kamili kwa umbali mkubwa baada ya wa tano. Moyo na misuli huimarika kwa majuma machache, lakini kano, yaani nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli kwenye mifupa, na mifupa yenyewe huchukua miezi mingi, na hapo ndipo wengi hupotoka, kwa sababu mnyama asiyehema sana huhesabiwa kuwa yu tayari. Kipimo cha vituo vya Tevis chaweza kufanywa hata kando ya barabara ya Shinyalu, huko Kakamega: mapigo ya moyo wa punda mkubwa aliyetulia huwa wastani wa 44 kwa dakika, na yakibaki juu sana baada ya mapumziko ya robo saa au zaidi, safari ilimzidi. Ufizi ukibonyezwa kwa kidole hugeuka mweupe, na rangi ikikawia zaidi ya sekunde mbili kurudi, huenda amepungukiwa na maji.

Kakamega ina ugumu wake. Punda ni mnyama mwenye asili ya nchi kavu za Afrika, na manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, ilhali eneo hilo hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Punda asiye na kibanda hulala akiwa amelowa, kwato zake hulainika na kuoza ndani, na punda mchanga hupata baridi upesi zaidi.

Lakini yanayowafanya wenye punda waharakishe kumtwika mwanapunda mzigo si ujinga kila mara. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yaliyopewa leseni nchini Kenya yalichinja punda kwa wingi ili ngozi zao zipelekwe China kutengenezewa ejiao, dawa ya asili itokanayo na ngozi iliyochemshwa, na wizi wa punda ukaongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaafiki kuuzuia kote barani kwa miaka 15. Aliyenyang'anywa punda wake mzima, akabakiwa na mwanapunda na watoto wanaohitaji maji, ana sababu ya kumfunga mkokoteni mapema, hata kama sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita uwezo wake. Wala pengo hilo halizibwi upesi: mimba ya punda huchukua karibu miezi 12, kwa kawaida hutoa mtoto mmoja, na mwanapunda aliyetungwa wakati wa uamuzi ule wa Februari 2024 atatimiza miaka minne mwanzoni mwa 2029.