Mama Nondo na Majani ya Tembo

Paukwa! Pakawa! Hadithi hii si ya zamani za kale. Inatokea usiku wa leo, katika shamba lolote la mahindi lililo jirani nanyi.

Palikuwa na mama nondo, rangi yake kama jani kavu. Mchana kutwa alijibanza kimya. Jua lilipozama alianza kuruka, akinusanusa kwa vipapasio vyake ili apate mmea wa kutagia mayai. Watoto wake mnawajua: ni wale viwavi ambao wakulima huwaita funza wa mabua. Kiwavi akianguliwa hana mbawa za kumpeleka shamba jingine. Mama akichagua, amemchagulia chakula na maisha pia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa funza mlezi ni mmea.

Tuseme mama ametaga kwenye mahindi. Baada ya siku chache mayai yanaanguliwa, na viwavi wanaingia katikati ya mmea, kwenye majani machanga yaliyoviringika. Wanakwangua upande mmoja wa jani na kuuacha ule mwingine, mwembamba, unaopitisha mwanga. Jani likikunjuka, mnaona matundu yamejipanga mstari mmoja, kwa kuwa lilitobolewa likiwa bado limeviringika. Kisha viwavi wanapekecha bua. Humo ndani mna utamu na maji, wala mvua haiwafikii. Wiki 2 hadi 4 hivi zikipita, kiwavi amenenepa. Anatoboa mlango wa kutokea, anageuka pupa ndani ya bua, na siku chache baadaye anatoka nondo mpya. Mmea ukiwa mchanga, moyo wake hunyauka. Mkivuta jani la katikati, linachomoka mkononi.

Sasa tumpeleke mama yule yule kwenye majani ya tembo, yale marefu wanayokatiwa ng'ombe. Wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE nchini Kenya, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, waligundua jambo la ajabu. Katika saa ya kwanza ya giza, harufu inayotoka kwenye majani haya huongezeka sana, hata kufika mara 100. Saa hiyo ndiyo mama nondo anatafuta pa kutaga! Ananusa, anavutwa, anayapita mahindi, anataga hapo.

Maskini, amedanganyika. Viwavi wanaanza kula, lakini chakula hakiwajengi mwili. Wenzao wa kwenye mahindi wakinenepa, hawa bado wamedumaa. Anayejaribu kupekecha bua anakutana na utomvu mzito, unaonata kama ulimbo wa kunasia ndege. Wengi hufa wakiwa wadogo. Ni wachache mno wanaofikia kuwa nondo.

Mtauliza: mbona pua ya mama imemdanganya? Kwa sababu harufu humwambia kuwa mmea upo, ila haimwambii kilichomo ndani ya bua. Yeye mwenyewe hali bua hilo, basi hana njia ya kulionja kwa niaba ya wanawe.

Wakulima wa magharibi mwa Kenya, na wengine Afrika Mashariki, huutumia mvuto huo wa majani ya tembo katika kilimo kiitwacho sukuma-vuta. Majani ya tembo hupandwa kuzunguka shamba, yamvute nondo nje. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodi, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake humkimbiza nondo. Desmodi hurutubisha udongo, tena huzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Majani ya tembo na desmodi pia hulisha ng'ombe.

Kwa hiyo mkulima anapoona mayai ya nondo kwenye majani ya tembo, hana haja ya kukimbilia dawa. Anajua wengi wa viwavi hao hawatakua, na mahindi yake yataendelea kurefuka.