Hatari Zisizo na Safu Kwenye Mizania

Mkopo usipolipwa, vitabu vya benki huuita chechefu, basi. Kilichomfanya mkopaji ashindwe hakina safu yake. Ndiyo maana wasimamizi wa mabenki siku hizi wanazitaka taasisi za fedha zipime mapema hatari za mazingira, za kijamii na za uongozi. Wengi huzichukulia kama mambo ya hisani na kupanda miti. Sivyo. Hizi ni hatari za fedha, na fedha zenyewe ni zetu wenye amana.

Chukua mafuriko ya Kenya ya Aprili na Mei 2024. Maji yalipozidi, serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Sasa fikiria nyumba ya kupangisha iliyojengwa kwa mkopo kwenye ukingo kama huo. Afisa wa mikopo aliomba hati, taarifa za M-Pesa na wadhamini. Hakuuliza mto uko umbali gani. Kwa amri moja kodi imekatika, dhamana imebomolewa, na deni limebaki palepale. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo kuhusu hatari za tabianchi Oktoba 2021, lakini mwongozo hauna maana iwapo fomu ya tawini haijabadilika.

Upande wa jamii, mikopo ya simu ilitupa somo. Baadhi ya wakopeshaji walichota orodha ya namba kwenye simu ya mteja, na akichelewa kulipa wakampigia mwajiri wake, hata mama mkwe. Ilikuwa aibu iliyofanywa mbinu ya kudai. Kanuni za Machi 2022 ziliipiga marufuku na kuwalazimu wakopeshaji hao kuwa na leseni. Aliyejenga biashara yake juu ya kudhalilisha watu aliondolewa nyenzo kuu ya kudai madeni.

Ila hatari inayoua benki haraka kuliko zote ni ya uongozi, nayo ndiyo husemwa kwa sauti ya chini. Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, mwezi mmoja tu baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki. Bodi yenyewe ndiyo iliyoripoti kwamba kuna fedha zilizotolewa kinyume cha taratibu. Muda mfupi kabla ya hapo benki hiyohiyo ilikuwa imekusanya shilingi bilioni 2 kwa hati fungani, na wawekezaji walitoa pesa zao wakiamini vitabu walivyoonyeshwa. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank: hesabu zake zilirekebishwa, mikopo kwa watu wa ndani ikaonekana kubwa kuliko ilivyotangazwa awali, habari zikaenea kwenye simu, na wateja wakakimbilia kutoa pesa. Wakati huo bima ya amana ilimlinda mteja kwa shilingi 100,000 tu. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020.

Mabenki ya Kenya hutangaza hesabu zao kila robo mwaka. Wasomaji wengi hutazama faida na kuachia hapo. Mimi huanza chini, kwenye mikopo iliyotolewa kwa wakurugenzi, wanahisa na washirika wao. Kiasi hicho kikiongezeka kila robo bila maelezo, mwenye amana ana haki ya kumuuliza meneja wa tawi lake, na asipojibiwa, kuhamisha akiba yake.