Kwa nini mauaji ya Poirot yanahitaji Krismasi

KILIMATINDE, wilayani Manyoni, kama kwingineko nchini, Krismasi ni wakati wa walio mijini kurejea kwao. Mwandishi wa Uingereza, Agatha Christie, aliitegea desturi kama hiyo mtego katika riwaya yake ya mwaka 1938, ambayo baadaye ilifanywa filamu na ITV (ya Uingereza, si ya Mikocheni), David Suchet akiigiza mpelelezi Hercule Poirot.

Mzee Simeon Lee, aliyetajirikia almasi za Afrika Kusini, anawaita wanawe nyumbani, kisha anawachokoza kwa habari za wosia. Siku ya mkesha anakutwa amechinjwa, mlango umefungwa kwa ndani.

Sikukuu ndiyo inayomficha muuaji: wenye kinyongo cha miaka wanalala chini ya paa moja na kutabasamu, hivyo chuki haionekani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alitumia pazia jingine. Maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa analazimika kwanza kuishinda hofu ya watu.

Filamu ilimwongeza Inspekta Japp, asiyekuwamo riwayani. Muuaji hatumtaji, mtazamaji aiangalie damu ilivyotapakaa chumbani.