Ua linaloonyesha tanuri za wazee

Vitabu vinasema Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910, miaka 4 baada ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuundwa. Udongo wa Naviundu, karibu na mji huo, unasema vingine. Hapo mukuba, yaani shaba, uliyeyushwa tangu karne ya 4 hivi, kabla Mzungu yeyote hajaota habari za Katanga.

Tunajuaje? Kwa sehemu kubwa, makala, yaani makaa ya miti, ndiyo yaliyosema. Mti ukiwa hai huvuta kaboni ya hewani, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo ina mnururisho. Ukikatwa, hauvuti tena, na ile yenye mnururisho iliyobaki hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mtaalamu hupima kilichosalia ndani ya kipande cha makala, akajua mti uliishi zama gani.

Lakini kwanza lazima ujue pa kuchimba, na hapo ndipo lilipoingia jani dogo, ndugu wa kivumbasi, liitwalo Haumaniastrum katangense. Shaba ikizidi ardhini huua mizizi ya mimea mingi. Ndiyo maana vilima vyetu vya madini havina miti. Jani hili huvumilia, likatawala mahali ambapo wenzake wameshindwa. Kulikuta juu ya kilima cha madini si ajabu. Ajabu ni kulikuta porini, mahali tambarare pasipo na mgodi. Basi shaba hiyo ililetwa na mtu! Mwaka 1982 François Malaisse, aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Robert Brooks wa chuo kikuu cha Massey kule New Zealand na mwenzao, walieleza kwamba maua ya shaba kama hili yanaweza kumwongoza mwanaakiolojia hadi kwenye tanuri za kale. Ua peke yake halitoshi, maana leo humea pia kando ya reli na palipochafuliwa na viwanda. Ni lazima kuchimba na kutafuta makala, chembe za malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) na vipande vya mirija ya mivukuto.

Wayeyushaji wale walikuwa mafundi kwelikweli. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na makala hayakuwa ya kuleta joto tu: gesi yake ndiyo iliyonyang'anya malakiti oksijeni, shaba nyekundu ikabaki. Karne zilizofuata mafundi walimimina misalaba ya shaba, iliyotumika kama fedha na kuzikwa na wafu kule Sanga, kando ya maziwa ya Upemba. Misalaba 3 iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Brooks alifanya kazi katika nchi yenye jiwe lake la kijani, pounamu. Wamaori, wenyeji wa huko, hawakuyeyusha madini; walisugua pounamu kwa mchanga na maji, kazi ya subira ndefu, wakapata rungu za vita na vidani vya kurithishana. Huko nako maabara husaidia kutambua jiwe lilitoka upande gani. Mwaka 1997 sheria iliwarudishia Wangāi Tahu, kabila la Wamaori, umiliki wa pounamu ya eneo lao. Kwetu kilicho chini ya ardhi ni mali ya Serikali, na wajukuu wa wayeyushaji hawana hati yoyote. Sioni haki hapo.

Sasa tuje jikoni. Zamani iliaminika kwamba mimea hii hujaza shaba nyingi ajabu majanini. Utafiti uliotolewa mwaka 2007, ambao Mylor Shutcha wa Lubumbashi alishiriki, uliosha majani kwa makini zaidi na hesabu ikashuka: sehemu kubwa ilikuwa vumbi. Vumbi hilo hutua kwenye mboga pia, kwa hiyo osha lengalenga na matembele kwa maji mengi. Hata hivyo, kuosha hakuondoi kilichopanda kupitia mizizi, na utafiti wa mwaka 2009 ulikuta kobalti, madini yanayoandamana na shaba, kwa wingi kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga.

Ukiliona jani la Haumaniastrum limetanda kwenye kiwanja chako, usipande mboga hapo. Na kama hakuna kiwanda wala reli karibu, kabla hujaleta mashine ya kusawazisha, nenda kawaambie watu wa Jumba la Makumbusho la Lubumbashi waje watazame.