Malisho Yaliyoungua Yapumzike

Mvua za kwanza zikinyesha juu ya mbuga iliyoungua, majani mabichi huchipuka upesi, na ng'ombe waliokonda huyakimbilia. Mchungaji naye hufurahi. Kumbe hapo ndipo hasara ianzapo.

Moto wa nyika huteketeza majani ya juu. Uhai husalia mashinani na mizizini. Chipukizi la kwanza hutokana na akiba iliyomo humo. Likiliwa, na la pili nalo likaliwa, akiba hukoma, mizizi hufa, udongo hubaki mtupu, na mvua huuchukua.

Wasukuma wa Shinyanga waliijua dawa tangu zamani: ngitili, yaani malisho yaliyofungwa. Hufungwa masika, hufunguliwa kiangazi, tena sehemu kwa sehemu. Desturi hiyo ilififia, kisha tangu mwaka 1986 ikahuishwa kwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Basi palipoungua pafungwe vivyo hivyo, hata majani yakomae na kudondosha mbegu.

Twajua kwamba ng'ombe mwenye njaa hangoji. Kwa hiyo yatupasa kusaidiana: ambaye malisho yake yalisalimika awapokee ng'ombe wa jirani aliyeunguliwa, na mwenye mifugo mingi auze baadhi kabla hawajakonda. Lakini mmoja akiingiza ng'ombe wake kwa siri usiku, sote twapata hasara.

Katika Torati Mungu aliwaagiza Waisraeli waipumzishe nchi mwaka mzima, kila mwaka wa saba. Je, sisi tutainyima masika moja?